Matroni wa Kukodi

Katika mtaa wetu wote hakuna anayezijua kompyuta kunishinda mimi. Nimeishi nazo ukuta kwa ukuta, nimezisikia zikivuma, nimezisikia zikitukanwa, na kuna moja niliwahi kuiponya kabisa kwa mkono wangu huu. Haya, nisiwe mwongo: niliichomeka. Ilikuwa imechomoka ukutani siku niliyokwenda kusaidia kupiga deki, na aliyeichomoa ni mimi.

Kompyuta yenyewe ni ya jirani yangu, ambaye mtaani tunamwita Mama Mitambo ingawa hajajaliwa mtoto bado. Ni fundi katika kampuni ndogo inayotunza kumbukumbu za zahanati. Mgonjwa akifika dirishani, muuguzi anabonyeza, jina linatokea na dawa aliyopewa mara ya mwisho inatokea. Lisipotokea, foleni inafika barabarani na watu wanaanza kukoholeana. Mumewe ni seremala. Au tuseme alikuwa seremala mpaka paa la nyumba ya watu lilipomtema, akavunjika nyonga, na tangu hapo mbao anazozishika sana ni za magongo.

Ukuta wetu ni mmoja, wa tofali jembamba. Sisemi kwamba huwa nasikiliza. Nasema tu kwamba masikio yangu sijayawekea mlango. Na yale nisiyoyasikia, mwenyewe huja kunisimulia huku anakunywa chai yangu.

Siku hizo walikuwa wakila na mgeni wa tatu mezani, na mgeni huyo alikuwa jambo la ofisini. Mama Mitambo alikuwa anasukuma maharage kwa kijiko kutoka upande huu wa sahani mpaka upande ule, hayaliwi, yanatalii tu.

"Hebu nieleze tena," Seremala alisema. "Polepole. Mimi niliishia darasa la nyundo."

"Programu zetu tumezifunga kila moja kwenye kontena lake. Chukulia ni wanafunzi wa bweni. Kila mmoja amekuja na sanduku, ndani mna shuka, sabuni, kijiko, kila anachohitaji. Haazimi kwa mwenzake. Ukimhamisha bweni anabeba sanduku lake, maisha yanaendelea."

"Na mabweni ndiyo mashine."

"Ndiyo mashine. Sasa sisi tulikuwa na bweni moja. Lilipoanguka, wote walilala nje."

Siku hiyo Seremala aliikumbuka. Mkurugenzi alimsimamisha mkewe mbele ya ofisi nzima, akamwita "binti wetu wa kompyuta", akampa simu na kumwamuru apigie zahanati zote, moja baada ya nyingine, aombe radhi kama mtumishi aliyevunja vyombo vya wageni. Alirudi nyumbani sauti imemkauka. Mume alimkorogea maji ya moto na asali, na wala hakuuliza kitu.

"Kwa hiyo tunataka mabweni kadhaa, na matroni wa kuyaangalia. Kundi lote hilo ndilo tunaliita klasta. Matroni ndiye anayegawa vitanda. Mtoto akizimia huku, anamwamsha mwingine kule, na mgonjwa dirishani hata hajui kama kuna kilichotokea."

"Basi mwekeni huyo matroni. Shida iko wapi?"

"Shida ni matroni gani. Mkurugenzi anapenda wa rahisi: matroni mmoja, kwenye mashine moja, mambo kwisha. Lakini matroni naye si anaugua? Akilala yeye, nani atagawa vitanda?"

"Wekeni wawili."

"Wawili ni balaa zaidi. Mawasiliano yakikatika, kila mmoja anadhani mwenzake amekufa, na hakuna anayethubutu kuamua peke yake. Lazima wawe watatu, ili wawili wakikubaliana jambo lipite."

Seremala alicheka mpaka akaishika nyonga. "Ndiyo maana sisi humu ndani hata rangi ya pazia imetushinda! Tumwite bibi wa ukutani apige kura."

Mimi huku nilikuwa nimeshapiga. Kijani.

"Kwa hiyo njia zimebaki mbili," mkewe aliendelea. "Kukodi au kujenga. Tukikodi, kuna kampuni kubwa huko mbali, wao ndio wanaowalea matroni. Wanawalisha, wanawatibu. Akiugua alfajiri, wanaoamka ni wao. Sisi tunapeleka watoto wetu na masanduku yao, tunalipa kila mwezi. Mkurugenzi akisikia 'kila mwezi' anashika kifua."

"Na kujenga?"

Hapo Mama Mitambo akaweka kijiko chini, na sauti yake ikabadilika, kama mtu anayemtaja mchumba aliyemwacha. "Kujenga ni kuwalea mwenyewe. Mashine zetu, chumba chetu cha nyuma, kila kitu kwa mkono. Kila msumari naujua uko wapi. Ni nafuu kwa kampuni, lakini anayewalea anaitwa saa yoyote. Hata akiwa bafuni na povu kichwani."

"Wewe moyo wako uko wapi?"

Alikiokota tena kijiko, akayarudisha maharage safarini.

"Mkurugenzi amesema nikijenga, nitakuwa mkuu wa mitambo," alisema baadaye. "Chumba changu, jina mlangoni. Na tukikodi, ameniuliza mbele za watu: 'Sasa wewe tutakuwa tunakulipa ya nini?'"

"Jenga," Seremala alisema.

"Na wewe je? Nani atakuwa na wewe?"

"Mimi nina nini? Mimi si nimeshapona! Tazama." Akasimama kwa gongo moja, akageuka kama mwanamitindo, akakaa. Nilisikia kiti kikilia, na nikasikia pumzi aliyoibana. Mkewe alisikia kiti tu.

Kila asubuhi ilikuwa mchezo uleule. Mke anatoka na mkoba wake, mume anasimama mlangoni, gongo moja kalificha nyuma ya mlango ili aonekane hana haja nalo, anapunga mkono na kutabasamu kama anagombea udiwani. Mke akishapinda kona, tabasamu linaanguka, na mwenye nalo anataka kulifuata. Hapo ndipo mimi huingia.

Nyonga ilikuwa haijaunga vizuri. Mguu ulikuwa unamwacha ghafla, bila taarifa, kama mpangaji anayehama bila kulipa. Siku moja nilimkuta kaanguka bafuni, kajifunika taulo, ananiambia anakagua vigae. Nikamshika makwapani, yeye akanishika mabega. Na mimi magoti yangu yana maneno yake. Tulivyoinuka pale, ungesikia ungedhani mlango wa ghala unafunguliwa.

"Bibi," akaniambia nilipomkalisha, "mke wangu asijue."

"Kwa nini asijue? Yeye ni mkeo au mkaguzi wa kodi?"

Alijifuta uso. Mikono yake ni mikubwa, mikono ya randa na msumeno. "Nilipovunjika, alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusomea mitambo hiihii. Akaikataa. Akabaki ananiogesha, ananilisha, anakausha kidonda. Na hajanitajia hata mara moja, Bibi. Angenitajia angalau siku nikizidisha chumvi kwenye mboga, ningepumua. Safari hii sitaki tena kuwa sababu."

Nikamwambia, haya, sitasema. Na sikusema. Nilikohoa tu kila nilipokutana na mkewe langoni, kikohozi cha maana kabisa, na jicho nikalitupa upande wa nyumba yao. Jioni mwanamke wa watu akaniletea dawa ya kifua. Elimu nayo ina mipaka yake.

Wakati wa chai mkewe alikuwa akipiga simu kutoka kazini. "U mzima?" "Mzima." "Umekula?" "Nimekula." "Mguu?" "Unakusalimia." Basi wanacheka, anakata, anarudi kwenye mitambo yake kifua kimetulia. Sisi watu tumelelewa hivyo. Nyumba inaweza kuwa inawaka moto, mtu akikuuliza habari za hapa, unamjibu njema, za kwako, halafu ndipo unamwomba ndoo ya maji.

Ofisini wakakubaliana ajenge kwanza matroni wa majaribio. Akachukua mashine tatu kuukuu za chumba cha nyuma, akazipangusa vumbi, kila moja akaiwekea matroni wake, akazilea. Kwenye skrini yake kila kontena lilikuwa na kitaa kidogo. Kijani maana yake mzima, nyekundu maana yake mfu. Matroni alikuwa anazunguka kila baada ya muda mfupi akiuliza kila kontena, upo? Likijibu nipo, taa inabaki kijani. Likikaa kimya, analifukuza na kuleta jingine. Zahanati mbili tu ndizo zilizounganishwa, za kuonja chumvi.

Asubuhi moja muuguzi wa zahanati mojawapo akapiga. "Dada, kwenu kuna nini? Nikibonyeza, naona ukurasa mweupe. Hapa nina mama mwenye mtoto wa homa, na sijui mara ya mwisho alipewa nini."

Mama Mitambo akatazama skrini. Kijani. Kijani. Kijani tupu, kama shamba la mchicha.

"Kwangu zote nzima," akasema.

"Kwako nzima, kwangu mtoto analia. Tukubaliane na nani?"

Mkurugenzi akaja kusimama nyuma ya kiti chake, mikono mfukoni, akipiga mluzi mdogo ule wa mtu anayesubiri uanguke. "Binti, si ulisema huyu wako haugui?" Wenzake wakainamia meza zao kama wanatafuta sindano.

Alichimbua. Akamwomba muuguzi asome daftari la zamani la karatasi ili mtoto apate dawa, yeye akaendelea kuchimbua, na akalikuta. Kontena la kumbukumbu lilikuwa limekatikiwa na njia ya kwendea ghala la majina. Halikuwa na jina hata moja la kutoa. Lakini kila matroni alipopita na kuuliza, upo? lilijibu kwa adabu zote, nipo. Lilikuwapo kweli! Lilikuwapo, halina kitu. Na swali lile alikuwa ameliandika yeye mwenyewe kwa mkono wake.

Jioni alimsimulia mumewe, bado kaudhika. "Kosa la kijinga. Nilimfundisha matroni kutoa salamu badala ya kupima. Sasa nimebadilisha. Hamuulizi tena mtoto kama yupo. Anamwambia: nitajie jina la mgonjwa mmoja, nione. Akishindwa, hata aape, si mzima."

"Umefanya vizuri," Seremala alisema, na akakunywa maji mengi kwa mpigo. Mimi huku ukutani nikakohoa. Hakuna aliyeniletea dawa.

Siku ya kuamua, Mama Mitambo alivaa gauni lake la bluu la mikutano. Mezani kulikuwa na Mkurugenzi, mhasibu, na bwana mmoja wa ushauri aliyenukia manukato mpaka chai ikabadilika ladha.

Hawa mafundi wana desturi moja ambayo mimi niliipenda niliposimuliwa. Hawaamini kitu mpaka wamekiua kwa makusudi. Akawapeleka wote chumba cha nyuma, akashika waya wa mashine moja kati ya tatu, akauchomoa. Mhasibu akaruka. Kwenye skrini taa kadhaa zikawa nyekundu. Matroni waliobaki wakakubaliana, watoto wakahamishwa na masanduku yao, taa zikarudi kijani moja moja. Akapiga simu zahanati, akaweka sauti ya wote wasikie: "Dada, majina yanatokea?"

"Yanatokea. Kwani kuna nini?"

Yule bwana wa manukato akapiga makofi. "Kukodi ni kwa wasioweza," akasema. "Nyinyi mnaweza." Hata Mkurugenzi alitabasamu, na hakupungukiwa kitu kwa kufanya hivyo. "Haya, mkuu wa mitambo," akasema, na safari hii hakusema binti. "Tunajenga?"

Neno lilikuwa limeshamfika kwenye ulimi. Alilisubiri miaka. Akatazama saa ukutani, akaona ni wakati wa chai, akasema samahani kidogo, akatoka kwenye korido na simu.

"U mzima?"

"Mzima!" Seremala alijibu upesi, kabla swali halijafika mwisho. "Vipi, wamekubali?"

"Umekula?"

"Nimekula. Niambie, wamekubali?"

"Umekula nini?"

"Chakula," akasema.

Mama Mitambo alibaki pale kwenye korido, simu imeshakatwa na bado iko sikioni. Hakuwa amewahi kumwuliza swali la kupima. Miezi yote hiyo alikuwa anapita na kuuliza upo, anajibiwa nipo, anawasha taa ya kijani kifuani mwake na kwenda zake. Halafu akakumbuka mimi na kikohozi changu ambacho dawa hazikukiweza.

Alirudi ndani. "Nipeni mpaka mchana," akasema.

Mkurugenzi akainua nyusi. "Mpaka mchana kufanya nini? Kuomba ruhusa kwa mumeo?" Mhasibu akacheka kwa sababu ya mshahara.

"Kumwona akitembea," Mama Mitambo alijibu, akachukua mkoba. Wakabaki wanatazamana, maana hawakuona hilo linahusiana vipi na mashine.

Mimi nilikuwa natoka dukani na kikapu changu, nyanya na mche wa sabuni, nilipomkuta langoni. Kasimama tu. Mkono uko kwenye komeo na hausukumi.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Wamekufukuza?"

"Bado." Akatazama nyumba yake kama ya mgeni. "Wanangoja neno langu. Nimekuja kulitafuta hapa. Nikimkuta yuko vizuri, nakwenda kujenga, na jina langu linakaa mlangoni. Nikimkuta vingine, tunakodi matroni wa watu, wao ndio waamke alfajiri, na Mkurugenzi aseme atakalo. Kama atanifukuza, anifukuze nikiwa nimelala kwangu."

"Na cheo?"

"Cheo kitaniogesha nikivunjika?" Alicheka kidogo. "Bibi, niambie ukweli. Yukoje?"

Ulimi wangu ulikuwa na kiapo. Nikakohoa.

Akanitazama sana. Halafu akafanya kile wanachofanya mafundi. Hakusukuma lango. Alitoa simu, akapiga, akaiweka sauti ya juu kati yetu sisi wawili, juu ya nyanya zangu. Iliita muda mrefu. Tuliisikia mara mbili, ndani ya simu na ndani ya nyumba.

"Mke wangu!" Sauti ilikuwa na uchangamfu wa duka jipya. "Mmemaliza?"

"Karibu tutamaliza. Uko wapi?"

"Niko kibarazani. Napunga upepo."

Kibaraza kilikuwa mbele ya macho yetu. Kitupu, hata paka hakuwapo.

"Peke yako?"

"Hapana, niko na bibi jirani. Amekuja na stuli yake, tunapiga soga. Unamjua, akianza hamalizi."

Mama Mitambo aligeuza macho akanitazama. Mimi nikatazama sabuni yangu.

"Hajambo?"

"Hajambo kabisa. Anakusalimia. Anasema leo asubuhi ulipendeza sana na gauni la bluu." Na hilo, jamani, nilikuwa kweli nimelisema. Uongo mzuri hautengenezwi bila kipande cha mbao halisi, na huyu ni seremala.

"Mpe simu nimsalimie."

Mahali fulani ndani ya nyumba kitu cha bati kilibingirika sakafuni, kikazunguka, kikatulia.

"Ameingia chooni," Seremala alisema.

"Basi nitamsubiri."

"Atakawia, mke wangu. Si unajua wazee."

Hapo nikashindwa. Nimevumilia mengi, lakini heshima ya mtu ina mwisho wake. "We baba!" nikapaza sauti, nikainua kikapu kana kwamba ananiona. "Mzee gani anayekawia chooni? Mimi niko hapa langoni, nimesimama na mkeo!"

Tulisikia akiilaza simu chini taratibu, kwenye saruji. Kisha sauti ikaja bila simu, kupitia dirisha la jikoni, na ilitoka chini kuliko mahali sauti ya mtu mzima inapotakiwa kutoka.

"Mke wangu?"

"Naam."

"Mlango nimeufunga kwa ndani. Ufunguo uko juu ya meza." Akavuta pumzi. "Na mimi niko chini."